Daktari Anayejua Utamjua kwa Maswali Yake

SWALI

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 49, naishi karibu na soko la Kenyenya. Nilikuwa nikidungwa sindano ya kupanga uzazi, nikaiacha mwaka juzi, na tangu hapo sijaona hedhi. Shida yangu ni usiku. Joto linanipanda kutoka kifuani hadi kichwani, nguo zinalowa, moyo unadunda, kisha baridi inanishika. Nikitoka nje kupata hewa, mama mkwe ananiuliza natafuta nini gizani, na wewe unajua swali hilo lina maana gani huku kwetu Gusii. Nimetibiwa malaria mara kadhaa. Daktari mmoja alinitazama tu akasema ni umri, nizoee. Mama mmoja wa chama chetu akaniuzia unga wa "kurudisha homoni" kwa shilingi 3,500; sikuona tofauti. Binti yangu aliye Nairobi anasema hospitalini kuna dawa za homoni, lakini dada yangu anasema zinaleta saratani. Na chumbani, Shangazi, kuna maumivu. Nimeanza kumkwepa mume wangu, naye amenyamaza. Nitampata wapi daktari anayelijua jambo hili?

Nisiyelala, Kenyenya

JIBU

Dada yangu, mimi si daktari, na barua haipimi presha. Hata hivyo, uliyoyaeleza yanafanana sana na dalili za kukoma hedhi, na kwa umri wako si ajabu. Dalili hizo zina tiba. Kuhusu daktari, nitakupa kipimo kimoja cha kutembea nacho: anayeijua kazi hii hukuuliza mengi kabla hajashika kalamu. Aliyekuambia uzoee hakukuuliza kitu, na aliyekuuzia unga hakukuuliza kitu. Kwa hiyo nitakueleza maswali ya kutarajia, ili ukiketi mbele ya mtu ujue kama umefika au bado uko njiani.

Lakini nianze na giza, maana hilo haliwezi kungoja tarehe ya kliniki. Hatujasahau Oktoba 2021, akina mama wanne wazee walipouawa kule Marani kwa tuhuma za uchawi. Swali la mama mkwe usilipuuze, wala usilijibu kwa hasira. Mtafute mchana mkiwa wawili, umweleze kwamba mwili unawaka usiku na ndiyo sababu unaamka. Huenda naye aliyapitia akayameza. Mume wako ajue pia, ili ukihitaji hewa akufungulie dirisha au mtoke pamoja. Weka beseni la maji na kitambaa kando ya kitanda, ujifunike leso ya pamba badala ya blanketi. Kama chinsoni, yaani heshima ya kuoneana haya na wakwe, inakuzuia kulitaja jambo hili mbele ya baba mkwe, mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kupita nyumbani akalieleza kama somo la afya kwa wote. Nawe msomaji mwenye mama au mke anayetoka nje usiku kutafuta hewa, mpeleke hospitali kabla ya kumshuku.

Sasa maswali. La kwanza ni hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, na ulitumia njia gani ya kupanga uzazi. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kwako kuna utata kidogo, kwa sababu sindano ya miezi mitatu yenyewe husimamisha hedhi, na baada ya kuiacha damu inaweza kukawia mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana tarehe ya sindano ya mwisho ni muhimu; itafute kwenye kadi yako ya kliniki. Mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili kama zako kwa kawaida hahitaji vipimo vya homoni kwenye damu, kwa kuwa viwango hivyo hupanda na kushuka hovyo katika kipindi hiki. Ukiambiwa ulipie orodha ndefu ya vipimo kabla hata hujasikilizwa, uliza majibu yake yatabadilisha nini. Na usidhani mimba haiwezekani tena. Aliye chini ya miaka 50 hushauriwa kuendelea kujikinga kwa miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, na dawa za homoni za kukoma hedhi hazizuii mimba.

Swali la pili ni kama kuna kitu kingine kinachokutoa jasho. Je, unakohoa? Umekonda? Kifua kikuu huleta jasho la usiku. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto, mapigo ya moyo ya kasi na kukosa usingizi. Virusi vya Ukimwi na kisukari navyo vipimwe. Kuhusu malaria, dai kipimo kila mara. Kikionyesha huna, usikubali kumeza dawa yake.

La tatu ni fupi, lakini humtenganisha anayejua na anayebahatisha: je, kizazi bado kipo, au kiliondolewa kwa upasuaji? Homoni inayotuliza joto ni estrojeni. Mwanamke mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake, ukuta wa ndani wa kizazi hunenepa na unaweza kuota saratani. Kwa hiyo hupewa pamoja na projesteroni au dawa ya jamii yake ili kuulinda ukuta huo. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida hupewa estrojeni pekee. Mtu akikuandikia estrojeni bila kuuliza jambo hili, chukua kitabu chako uondoke.

La nne linahusu historia yako na ya jamaa zako. Umewahi kupata saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mguu au mapafu, kiharusi, mshtuko wa moyo au ugonjwa wa ini? Kuna damu inayotoka ukeni bila sababu kujulikana? Jibu la ndiyo kwa mojawapo ya haya linaweza kumaanisha kwamba homoni hazikufai, au uchunguzi utangulie. Shika hili hata ukisahau mengine yote: damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hiyo si hedhi iliyorudi. Nenda uchunguzwe kizazi na mlango wake mara moja.

La tano ni dawa nyingine unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya homoni mwilini, na baadhi ya dawa za ARV huingiliana nazo. Taja zote, pamoja na mitishamba. Ule unga beba na pakiti yake. Usiendelee kuutumia wakati hakuna anayejua ndani yake kuna nini.

La sita ni la chumbani, na daktari mzuri hukuuliza yeye mwenyewe ili usihangaike kutafuta pa kuanzia. Estrojeni ikipungua, ngozi ya uke hukonda na kukauka, tendo la ndoa linauma, na mkojo huchoma au kubana mara kwa mara. Wanawake wengi wa rika lako huku Gusii walikeketwa wakiwa wasichana, na kovu hilo linaweza kuongeza maumivu. Kama nawe ulipitia hayo, mwambie. Kwa ukavu ipo krimu au kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni, ambacho huingia kidogo sana kwenye damu na huwafaa hata wengi wasiotaka vidonge vya kumeza. Kilainishi cha maji kinachouzwa kemisti nacho husaidia. Mumeo aliyenyamaza huenda anadhani humtaki. Mweleze kwamba kinachouma ni mwili, na ukiweza mwende kliniki wote wawili.

Sasa saratani. Dada yako hakuitunga habari hiyo. Mwaka 2002 huko Marekani jaribio la wanawake 16,608, sehemu ya utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative, lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliotumia estrojeni pamoja na projestini, dawa ya jamii ya projesteroni, walipata saratani ya matiti zaidi, pia viharusi, damu kuganda na magonjwa ya moyo. Ulimwengu mzima ukashtuka, na madaktari wengi wakaacha kuandika dawa hizi, hata wengine hawakufundishwa tena kuzitumia. Ndiyo sababu moja inayofanya wanaozijua wawe adimu.

Hebu tazama hesabu yenyewe. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliotumia dawa na kupata saratani ya matiti walikuwa 38. Waliomeza vidonge visivyo na dawa walikuwa 30. Ongezeko ni wanawake 8. Tena wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wamekoma hedhi zamani. Katika jaribio lingine la utafiti huo, kwa wale waliokuwa wametolewa kizazi na kupewa estrojeni pekee, saratani ya matiti haikuongezeka. Miaka iliyofuata wataalamu waliyachambua matokeo kwa umri, na msimamo wao leo ni huu: kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome hedhi, na ambaye dalili zinamsumbua, kwa kawaida faida huzidi hatari. Hatari haijafutika, huongezeka kadiri miaka ya kutumia dawa inavyoongezeka. Njia ya kuipata dawa nayo ina uzito wake, kwani vidonge vya kumeza huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda, ilhali vibandiko vya ngozi na jeli havionekani kufanya hivyo. Daktari anayejua atakueleza haya yote, kisha akuache uamue.

Utampata wapi? Anzia karibu. Nenda hospitali ya kaunti ndogo pale Kenyenya ukiwa na daftari. Kwa wiki mbili kabla ya hapo, andika kila usiku umeamka mara ngapi na nguo zimelowa au la. Omba upimwe presha, uzito, sukari na matiti, na mlango wa kizazi kama hujawahi kupimwa. Afisa wa kliniki akisema homoni zimepita uwezo wake, huyo amekuambia ukweli. Mwombe barua ya rufaa ya kwenda kliniki ya magonjwa ya wanawake katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Kabla ya kupanda matatu, hakikisha mchango wako wa bima ya afya, SHA, umelipwa, na uulize dawa zenyewe zinalipiwa au utatoa mfukoni. Usidhani tu.

Ukichagua kliniki ya kibinafsi, piga simu kwanza na uulize mambo mawili: daktari wenu huwaandikia wanawake homoni za kukoma hedhi? Na dawa hizo zinapatikana Kisii mjini kila mwezi? Dawa inayopatikana mwezi huu na kukosekana ujao itakuchosha bure. Jina la daktari binti yako anaweza kulitafuta kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya baraza la madaktari, KMPDC. Mkiamua umwone mtaalamu wa Nairobi siku utakayomtembelea binti yako, rudi na maelezo yake kwa maandishi, ili presha na maendeleo yako yafuatiliwe hapo Kenyenya. Ukianza dawa, urudi kuonekana baada ya miezi mitatu hivi, kisha angalau kila mwaka. Anayekupa dawa ya mwaka mzima bila tarehe ya kurudi amekutupa.

Na kama homoni hazikufai au huzitaki, bado hujakwama. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, kama venlafaksini, na ile ya kifafa iitwayo gabapentini, hupunguza joto hata kwa asiye na msongo wala kifafa. Nazo ni za kuandikiwa na daktari. Chunguza pia kinachoamsha joto: pombe, pilipili, na hata kikombe cha chai moto kabla ya kulala. Mifupa nayo hudhoofika estrojeni ikipungua, kwa hiyo kula omena pamoja na mifupa yake, chinsaga (mgagani) na maziwa, na uendelee kutembea na kubeba mizigo ya kiasi.

Dada yangu, joto hili kwa wengi hudumu miaka kadhaa, na hakuna tuzo ya kuyavumilia yanayotibika. Ukate ukurasa huu uende nao kliniki. Ukihudumiwa bila kuulizwa maswali haya, una haki ya kuomba kuonwa na daktari mwingine. Omba bila aibu.