Walikale kwa Miguu na Mtumbwi

Wageni wengi wanaopanda kutoka Sake huishia Masisi. Wanapiga picha za vilima vya kijani na ng'ombe, wananunua jibini, wanarudi Goma wakisema wameiona Kivu. Jibini lenyewe ni zuri, linunue. Lakini vilima vile vimesifiwa kupita kiasi: ni malisho yaliyopatikana kwa kufyeka msitu. Msitu uliobaki uko ng'ambo ya Nyabiondo, ardhi inakoanza kushuka kuelekea mto Lowa. Huko, Walikale, ndiko kunakostahili nauli yako.

Kwanza usalama. Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale mjini, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Usiondoke kwa sababu afisa fulani amekuambia njia imefunguka. Waulize akina mama wanaopeleka mawese na ndizi sokoni. Wao wakiacha kwenda, nawe usiende.

Njia ya Masisi, kupitia Kashebere na Kibua, ni fupi kwenye ramani tu. Lori la Fuso likikwama topeni, yote yaliyo nyuma yake yanalala hapo. Unaweza kutokea Bukavu kupitia Hombo na Itebero, au Kisangani kupitia Lubutu. Kwa vyovyote, mvua ya huku haina msimu wa kuaminika, kwa hiyo panda pikipiki wala usikodi gari.

Kitakachokumalizia pesa ni bariere, yaani vizuizi vya barabarani. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Kamba inavutwa barabarani, anatokea mtu mwenye daftari, na kila mmoja ana jina lake la kodi. Nimelipishwa mara mbili kwa karatasi ileile, kamba ya pili ikionekana kutoka ya kwanza, na hasira ile haijaniisha. Wanakijiji wanalipa hivyohivyo kila siku wakiwa na debe la mawese kichwani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Basi patana na mwendeshaji kabla hujapanda: bei moja, bariere zote ndani yake. Yeye anajua nani wa kusalimiwa na nani wa kulipwa. Toa nakala za pasipoti, pasipoti yenyewe ibaki mfukoni. Chukua franga ndogondogo. Dola iliyochanika hata kidogo hakuna atakayeipokea. Kamera isionekane karibu na daraja, askari au machimbo.

Wengi watakushauri uende Bisie, mlima wa kasiteriti, madini ya bati. Achana nao. Mgodi sasa ni wa kampuni ya Alphamin, na mgeni hana la kuona pale. Njia za miguu ndizo zenye habari: humo wabeba mizigo walipitisha magunia ya kilo 50 msituni kwa siku mbili kabla barabara haijachongwa. Na ukipita Kilambo, kumbuka kwamba barabara hiyo ya lami iliwahi kuwa uwanja wa ndege. Pikipiki zilisimama, ndege ikatua.

Vijiji vya kando ya mto havina gari wala pa kulipitisha; huko unafika kwa miguu au kwa mtumbwi. Ukifika, nenda moja kwa moja kwa kapita, mkuu wa kijiji, jitambulishe, useme utalala kwa nani. Lipia malazi na chakula bila kungoja kuombwa: sombe, lituma na samaki wa mtoni vinatosha kabisa. Nyama ya msituni ikatae kwa adabu. Msitu huu ni makao ya gorila wa Grauer. Jioni waulize wazee wa kabila la Wanyanga habari za Mwindo, shujaa aliyefungiwa ndani ya ngoma akatupwa mtoni na baba yake. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck aliurekodi utenzi wa Mwindo mwaka 1956 kutoka kwa mzee Candi Rureke, lakini kuusikia karibu na maji ni jambo jingine.

Patana na mpiga kasia wa mtumbwi safari zote mbili, kwenda na kurudi, na umlipe nusu tu mwanzoni. Kupanda mto kunachukua muda mrefu kuliko kushuka, na bei yake ni kubwa zaidi kwa haki. Usimpunguzie.