Chupa 13 za Kike: Nani Hasa Hulipia Marashi?

Mwishoni mwa Januari mwaka jana, siku mbili baada ya bumu kuingia, niliamka alfajiri nikapanda daladala kwenda Kariakoo. Nilirudi hosteli saa nane mchana na mfuko umejaa pafyumu: chupa 13 za kike za mililita 50, nilizozipata kwa shilingi 18,000 kila moja, na chupa 5 za kiume za mililita 100 kwa 25,000. Jumla 359,000, bila nauli. Hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya pesa ya kula. Mwenzangu wa chumbani alinitazama nikizipanga juu ya kabati, akauliza swali moja tu: "Na wali utakula wapi?"

Sikuwa na wasiwasi. Nasoma biashara, na hesabu nilikuwa nayo kichwani: wanunuzi wa manukato ni wanawake, nani asiyejua? Basi 13 kwa 5. Za kike ningeuza 30,000, za kiume 48,000, na kabla ya Machi ningekuwa nimerudisha mtaji na faida juu.

Zile tano za kiume ziliisha ndani ya siku 9. Za kike, mwezi mzima, zilitoka mbili. Nilikula mlo mmoja kwa siku kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusimulia, na dada yangu mkubwa alinitumia hela mara mbili bila kuuliza maswali, jambo ambalo liliniuma kuliko angeuliza. Makala hii ni hesabu niliyoipiga baadaye, daftari la mauzo likiwa mbele yangu. Naiandika kwa kuwa wengi wetu hapa tunauza kitu vyumbani, na kwa kuwa ndani ya lile daftari nilikuta jambo ambalo halikunifurahisha kuhusu mimi mwenyewe.

Tuelewane mapema: daftari la muuzaji mmoja kwenye bloku moja si utafiti. Haliwezi kukuambia "wanaume wako hivi, wanawake wako vile." Linachoweza ni kukuonyesha pa kuchungulia.

Anayejipaka si lazima awe anayelipa

Vitabu vya masoko hutenganisha watu ambao sisi mtaani tunawachanganya: anayetoa wazo la kununua, anayeshawishi, anayeamua, anayetoa hela, na anayetumia. Wanaweza kuwa mtu mmoja, wanaweza kuwa watano. Somo hilo nilifaulu kwa B+. Halafu nikaenda Kariakoo nikaliacha darasani.

Maana tazama. Zile chupa mbili za kike zilizotoka nzima, zote zilinunuliwa na wanaume, juma la Valentine. Na mojawapo ya zile tano za kiume ilinunuliwa na dada wa mwaka wa tatu, zawadi ya baba yake. Neno "ya kike" kwenye boksi lilinieleza ngozi itakayopakwa. Halikunieleza hela itatoka mfuko wa nani.

Wenye viwanda walilijua hili zamani. Marekani, hadi katikati ya karne iliyopita, pafyumu ya mwanamke ilikuwa kitu cha kupewa: mume au mchumba anakuletea siku ya kuzaliwa, unaitunza, unajipaka kidogokidogo. Mwaka 1953 Estée Lauder alitoa Youth-Dew, akaiuza kama mafuta ya kuogea ambayo pia yanafaa kujipaka kama pafyumu. Mafuta ya kuogea mwanamke hujinunulia mwenyewe, hasubiri zawadi. Na kwa kuwa yanamwagwa kwenye maji, chupa inaisha haraka na mtu anarudi dukani. Harufu ile ingeweza kukaa kwenye kichupa cha kawaida kabisa. Alichobadilisha mama yule ni nani anaruhusiwa kutoa hela na lini.

Hata huo mpaka wa kike na kiume si wa kale kama unavyodhani. Kolonya, ile iliyoanzia mjini Cologne Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 18, walijipaka wote, na Napoleon aliitumia kwa wingi wa kupindukia. Old Spice, ambayo leo ukiitaja mtu anawaza baba anayenyoa ndevu, bidhaa yake ya kwanza mwaka 1937 ilikuwa ya wanawake. Ya wanaume ikafuata mwaka 1938. Na mwaka 1994 Calvin Klein alipoleta CK One kwa wote, watu waliipokea kama ugunduzi.

Lakini mfano ulionifungua macho zaidi si wa Marekani. Ni wa bibi yangu, Tanga. Ukimuuliza bibi anatumia shilingi ngapi kwa pafyumu atakuambia hata senti moja, na hatakuwa anadanganya. Hana chupa ya kupulizia. Ila ana udi, ana chetezo, ana mrashi wa marashi ya waridi, ana mafuta ya halud ya kutia nguoni, na kukiwa na harusi lazima kikuba kipatikane, asumini na mlangilangi na rehani. Nguo za babu za Ijumaa yeye ndiye anayezifukiza. Babu anatoka kwenda msikitini ananukia kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo hiki, na hela iliyolipia harufu hiyo imeandikwa kwenye matumizi ya nyumba, chungu kimoja na mkaa na viungo. Udi wenyewe si wa bei ya kuchezea: unatokana na miti ya Asia iliyoshambuliwa na ukungu hadi ikatoa utomvu, na biashara yake inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa kwa sababu miti inakwisha. Sasa mtafiti akija na dodoso lake akauliza "je, unanunua pafyumu?", bibi anaandikwa sifuri na babu anaandikwa sifuri.

Dakika nne, na siku nzima

Wateja wangu wa kiume walinunua haraka. Anaingia, anauliza "ipi inakaa?" au "ipi ile anayotumia fulani?", napuliza hewani mara moja, ananusa, anachukua. Dakika nne. Niliwapenda sana.

Kina dada waliniudhi. Anakuja asubuhi, anapuliza kifundo cha mkono, anashukuru, anaenda kipindi. Jioni anarudi, ananusa tena mkono uleule, anauliza: "Huna ya kupima?" Kwangu hao walikuwa wapoteza muda. Mwenzangu wa chumbani alipendekeza nitoze kiingilio.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba wao ndio walionunua kitaalamu. Pafyumu haina harufu moja. Ile ya kwanza kukupiga puani, mara nyingi ya ndimu au machungwa, inapotea ndani ya dakika chache. Kisha yanakuja maua na viungo. Kinachobaki jioni ni mbao, vanila, miski, na ndicho utakachoishi nacho. Anayenunua ndani ya dakika nne analipia kipande kitakachokuwa kimeshaondoka kabla hajafika kantini.

Basi nikafungua chupa za kike, nikanunua vichupa vya 500 na bomba la sindano, nikaanza kupima mililita 5 kwa 5,000. Za kike zikaanza kutoka. Nikajiona mjanja.

Dada wa Ualimu na simu yake

Mwezi wa tano alikuja dada mmoja wa Ualimu, mteja wangu wa kudumu. Akanusa, akaweka kichupa chini, akatoa simu.

"Kaka, ile ya wanaume uliyokuwa unauza 48,000, ilikuwa mililita ngapi?"

"Mia."

"Kwa hiyo 480 kwa mililita." Akabonyeza tena. "Na mimi nanunua tano kwa 5,000. Elfu moja kwa mililita. Kaka, mbona unatupiga?"

Nikajitetea kisomi. Tatizo la utetezi wangu ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli, kwa hiyo naomba tuipitie polepole, itakusaidia dukani.

Boksi lililoandikwa "Eau de Parfum" kwa kawaida lina mafuta ya manukato kiasi cha asilimia 15 hadi 20. "Eau de Toilette" asilimia 5 hadi 15. Kilichobaki zaidi ni spiriti. Za kike nilizokuwa nazo zote zilikuwa za aina ya kwanza, za kiume za aina ya pili. Tuseme ya kike ina asilimia 18 na ya kiume 9. Chupa ya 50 ya kike ina mililita 9 za mafuta kwa 30,000, yaani kama 3,330 kwa mililita ya mafuta. Chupa ya 100 ya kiume nayo ina mililita 9 za mafuta, ila kwa 48,000, yaani kama 5,330. Ukilinganisha chupa kwa chupa, kaka ndiye aliyekuwa anapigwa.

Nilimweleza hivyo nikitegemea makofi. Akaniuliza: "Sasa mimi nimewahi kununua chupa?"

Hapo nikanyamaza. Yeye alinunua vichupa. Kwa bei ya chupa nzima, mililita 5 ni 3,000. Ongeza kichupa 500, ni 3,500. Ile 1,500 iliyobaki nilijiwekea tu kwa sababu hakuna aliyeuliza. Tukafungua daftari pamoja. Tangu Machi alikuwa amenunua mara sita: mililita 30, shilingi 30,000. Kwa hela ileile angechukua chupa nzima ya 50.

Mnaofuatilia mijadala ya "kodi ya pinki" mnaifahamu ripoti ya idara ya walaji ya Jiji la New York ya mwaka 2015. Walilinganisha bidhaa karibu 800 zenye toleo la kike na la kiume, wakakuta za kike ni ghali kwa wastani wa asilimia 7, na zile za kutunza mwili asilimia 13. Nilishawahi kuitumia ripoti hiyo darasani kwenye wasilisho, nikazilaani kampuni kwa sauti kubwa. Chumbani kwangu nilikuwa natoza kuliko wao, bila hata kubadili rangi ya boksi.

Kwa nini hakununua nzima? Jibu lake lilikuwa fupi: 30,000 kwa mkupuo hakuwahi kuwa nayo, maana bumu likiingia linagawiwa na nyumbani pia, na tena alipenda kubadili harufu.

Hapo nikakumbuka jambo lingine, nalo ndilo lililoniudhi zaidi. Kati ya wale wanaume wanne walionunua za kwao, wawili niliwakopesha. Washkaji, tunacheza mpira pamoja, hata sikufikiri. Hakuna dada hata mmoja niliyewahi kumkopesha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba. Wao walinipa taslimu, elfu tano tano, na kwa kulipa taslimu wakatozwa zaidi. Wenye mkopo walipata bei ya jumla. Mtu angesoma mauzo yangu kijuujuu angeandika kwamba wanaume wanapenda chupa kubwa na wanawake vichupa vidogo, akaita hiyo tabia.

Nikashusha kichupa hadi 4,000. Nikaanzisha pia kibubu: unaweka 5,000 kila wiki, wiki ya sita unaondoka na chupa. Walikamilisha wanne, kina dada watatu na kaka mmoja. Mabandiko ya "kike" na "kiume" niliyabandua, nikaandika harufu tu: vanila, ndimu, waridi na udi. Waridi na udi iliisha ya kwanza. Aliyeimaliza ni kijana wa Unguja, anayetoka kwenye nyumba ambazo waridi na udi ni vya wote, na alishangaa kusikia kwamba kuna watu huiita ya kike.

Mtaji ulirudi Juni, faida kiduchu. Dada yangu nimemlipa. Mmoja wa wale washkaji wawili alimaliza deni lake mwezi wa nne. Wa pili alitoa 20,000, bado 28,000. Huwa nakutana naye kwenye foleni ya kantini. Ananukia vizuri.