Nyuki Kakuuma: Ni Maumivu tu au ni Mzio?

Wilaya ya Kibondo inajulikana kwa asali. Kama unaishi Mabamba, huenda nawe umewahi kufuatana na baba au kaka kwenda porini kurina. Kuumwa na nyuki si jambo geni kwako. Lakini je, unajua kwamba nyuki mmoja tu anaweza kumuua mtu mwenye mzio?

Mzio ni nini?
Mwili una askari wake wa kupambana na vijidudu. Wakati mwingine askari hao hukosea. Kitu ambacho wengine wanakivumilia, kama vumbi, karanga, dawa fulani au sumu ya nyuki, wao wanakiona adui mkubwa. Huo ndio mzio, au aleji. Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza, kumbe unajiandaa. Ndiyo maana aliyeumwa zamani bila shida anaweza kuzidiwa safari nyingine.

Utajuaje?
Palipoumwa pakivimba na kuwasha, hiyo ni kawaida. Hatari ni dalili zinazotokea mbali na hapo: vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, koo kubana, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache.

Ufanye nini?
1. Ondokeni haraka. Nyuki akiuma huacha harufu inayowaita wenzake.
2. Toa mwiba upesi, hata kwa ukucha. Ukikaa unazidi kuingiza sumu.
3. Ukiona dalili za hatari, usingoje dawa za kienyeji. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua, akae. Asitembee, mbebeni! Mwahisheni kituo cha afya apate sindano ya adrenalini. Vidonge vya aleji peke yake havitoshi.
4. Aliyeumwa na nyuki wengi apelekwe pia, hata kama hana mzio.

Jikinge
Vaa nguo za kurinia, glavu na buti. Tumia moshi. Usiende peke yako. Kama umewahi kupata dalili hizo, kurina waachie wenzako. Wewe chuja, fungasha, uza sokoni. Huo si uoga, wala hujarogwa.

Jadilini
Kutoka kwenye mizinga yenu hadi kituo cha afya ni mwendo wa muda gani? Nani ana pikipiki? Pangeni leo, kabla ya msimu wa kurina.