Mazuku, metani na haidrati: somo la istilahi za gesi chini ya maji

Maji ya Ziwa Kivu hushuka kwa mto Ruzizi, huingia Ziwa Tanganyika, kisha hutokea hapa Kalemie kwa mto Lukuga kuelekea mto Kongo. Kwa hiyo habari ya gesi ya Kivu si ya watu wa Goma na Bukavu peke yao. Katika somo hili tutatafuta maneno ya kueleza jinsi metani inavyotolewa chini ya maji huku kaboni dioksidi ikibaki huko, bila kumpotosha msikilizaji.

1. Gesi mbili, tabia mbili

Kivu ina takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani, zikipimwa kwa shinikizo la kawaida la hewa. Metani huwaka na ni nyepesi kuliko hewa. Kaboni dioksidi haiwaki, ni nzito kuliko hewa, na hutuama mabondeni. Wakaaji wa kandokando ya Goma wanaijua tangu zamani kwa jina la mazuku, yaani mahali ambapo gesi itokayo ardhini huua watu na mifugo. Wanasayansi wa nchi nyingine wamelichukua neno hilo jinsi lilivyo. Tukisema "gesi" tu, tunaficha tofauti kati ya kitu kinachopikia na kitu kinachonyima pumzi.

2. Kuvuta, kurudisha, kuhifadhi

Wengi husema "kuchimba gesi". Kivuni hakuna anayechimba. Bomba hushushwa mamia ya mita. Maji yakipanda, shinikizo hupungua na mapovu hutokea, kama chupa ya soda inayofunguliwa. Metani huyeyuka kwa shida majini, hivyo hutangulia kutoka. Sehemu kubwa ya kaboni dioksidi hubaki ndani ya maji, nayo maji hurudishwa kilindini ili matabaka ya ziwa yasivurugike. Kituo cha KivuWatt, upande wa Rwanda, kilichozinduliwa mwaka 2016, huzalisha umeme kwa njia hiyo kikiwa na uwezo wa megawati 26. Kitenzi kinachofaa ni "kuvuta" kwa metani na "kurudisha" kwa maji.

Chini ya bahari mambo ni mengine. Haidrati ya metani hufanana na barafu, lakini molekuli zake za maji zimejipanga kama vizimba vilivyofungia metani. Kaboni dioksidi ikiingizwa, inaweza kuchukua nafasi ya metani kizimbani. Njia hiyo ilijaribiwa Alaska mwaka 2012, kaboni dioksidi ikichanganywa na nitrojeni. Hapo "kubadilisha" na "kuhifadhi" ni maneno ya haki, kwa kuwa gesi imeletwa kutoka nje. Kivuni, ambako gesi ilikuwamo tayari, "kuhifadhi" kungedai sifa isiyostahili.

Je, Tanganyika ina haidrati? Kina chake hufikia mita 1,470, lakini maji ya chini yana joto la nyuzi 23 hivi. Haidrati huhitaji shinikizo pamoja na baridi, na baridi hiyo hatuna.

3. Neno "mlipuko"

Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos huko Kamerun lilitoa wingu la kaboni dioksidi lililoua watu wapatao 1,700. Hapakuwa na moto. Watu walikosa pumzi. Mei 2021, Nyiragongo ilipotema lava na watu wakahama Goma, hofu ya "mlipuko wa ziwa" ilienea. Anayesikia "mlipuko" hungoja kishindo na miali, kisha hulala kifudifudi au hujificha shimoni. Shimoni ndimo gesi hii inamokusanyika. "Mfumuko wa gesi" unamwelekeza vizuri zaidi: apande mahali pa juu.

Ripoti nyingi hutufikia kwa Kifaransa, na mkutanoni ni mmoja wetu atakayeombwa kutafsiri mbele ya wavuvi. Neno atakalochagua litaamua wakimbilie wapi.

Zoezi

a) Eleza kwa sentensi tatu tofauti ya "kurudisha" na "kuhifadhi" kaboni dioksidi.
b) Andika tangazo la maneno 40 la kuwaonya wavuvi juu ya gesi nzito, bila kutumia neno "mlipuko".
c) Waulize wazee wa mtaa wako jina wanaloita hewa mbaya ya mashimo na visima, kisha ulilinganishe na mazuku.