Nani Hutunga Mwisho wa Filamu?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Watengenezaji wa filamu wanaijua methali hii kutushinda. Kila siku twasikia ati filamu zinaharibu vijana. Katika makala haya nataka kuonyesha upande wa pili: vijana nao huziunda filamu, tena kwa pesa za mfukoni mwao.

Tuanze ng'ambo. Mwaka 1986 studio ya Paramount ilitoa filamu iitwayo Pretty in Pink, kuhusu msichana maskini anayependwa na rafiki yake maskini na pia kijana tajiri. Katika mwisho wa kwanza uliopigwa, msichana alibaki na rafiki yake. Filamu ilipoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, waliukataa mwisho ule, walimtaka tajiri. Basi waigizaji wakaitwa tena, mwisho ukapigwa upya, msichana akaishia kwa tajiri.

Hata umri huingia katika hesabu. Mwaka 1984 Marekani ilianzisha daraja la PG-13, linalowaonya wazazi lakini halimfungii kijana mlango wa sinema. Tangu hapo studio nyingi hupunguza damu na matusi ili zipate daraja hilo. Titanic ya 1997 ililipata, na Avatar ya 2009 vilevile.

Sasa turudi nyumbani, River Road, barabara iliyozipa filamu za Riverwood jina lake. Miaka ya 2000 filamu hizo zilipigwa kwa siku chache na pesa kidogo, zikauzwa madukani kwenye diski badala ya kwenda sinema. Watazamaji wa majaribio hawakuwapo. Jaribio lilikuwa kaunta ya muuzaji. Diski ikinunuliwa, mtayarishaji anarudia mtindo ule ule, ikilala, anauacha. Ndiyo maana vichekesho vya Kikuyu vya akina Machang'i na Kihenjo vilishamiri: wanunuzi walitaka kucheka kwa lugha yao. Naye DJ Afro alipata jina kwa kusimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili na Sheng, hata mpiganaji wa Kichina akawa kama jamaa wa mtaani.

Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni juu ya yule tunayemcheka. Mara nyingi katika vichekesho vyetu huwa ni mshamba aliyeingia mjini, na lafudhi yake nzito. Tunacheka, tunanunua, naye analetwa tena. Kisha Jumatatu mwenzetu anasimama gwarideni kusoma taarifa, lafudhi ya kwao inamponyoka, na kicheko ni kile kile. Tulishakifanyia mazoezi mbele ya runinga. Si ajabu mwenzetu huyo asiinue mkono tena darasani, hata akiwa na jibu.

Kwa hivyo unapotazama filamu, jiulize maswali matatu. Nani anachekwa? Nani anapewa ushindi mwishoni? Je, ningefurahi hivi kama anayechekwa angekuwa ndugu yangu?

Siku hizi wengi hutazama kwa simu, na kila tunachobonyeza kinahesabiwa. Mtayarishaji anaziona hesabu hizo na kutupikia kingine kama hicho. Mcheza kwao hutuzwa, naam, lakini tuzo inatoka mikononi mwetu. Tuangalie tunamtuza nani, na kwa ngoma gani.