Tepu nyeusi kwenye waya wa pasi

*Waya wa pasi yangu umechunika karibu na mpini. Nimeuzungushia tepu ya umeme, na kwenye boksi imeandikwa volti 600. Mume wangu anasema bado ni hatari. Je, ni kweli?*
*Mama Neema, Tabata*

Ni kweli, Mama Neema, ingawa kosa haliko kwenye volti. Umeme wa nyumbani ni volti 230 hivi, na tepu iliyovutwa kidogo, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, inauzuia vizuri. Shida ni joto na kupindwapindwa. Tepu nyingi za plastiki huhimili nyuzi joto 80 hivi. Karibu na pasi gundi hulainika, tepu ikateleza. Huku ndani ya waya unaopindwapindwa nyuzi za shaba hukatika mojamoja, na zilizobaki hubeba mzigo wote na kupata moto. Huenda utasema mbona tepu imedumu wiki nzima. Ni kwa sababu huanza kuachia taratibu, kwenye ncha. Chomoa pasi, fundi abadilishe waya mzima. Tepu iliyobaki ifungie pamoja nyaya za runinga au uzungushie mpini wa nyundo unaoteleza. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au soketi ikipata moto, zima swichi kuu na umwite fundi siku hiyohiyo.