Mtoto Anayetembea Nyayo Zikitazamana: Wakati wa Kusubiri na Wakati wa Kwenda Hospitali

Wazazi wengi hufika kliniki na swali moja: mbona mtoto anatembea vidole vya miguu vikielekea ndani, na kila akikimbia anajikwaa? Baadhi huwa wameshanunua viatu vya bei ghali, au wanamvalisha kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Viatu havinyooshi mfupa, na pesa hizo zingefanya kazi nyingine. Kwa watoto wengi hali hii hujirekebisha yenyewe.

Mzazi anaweza kukisia chanzo kwa kumtazama mtoto kutoka mbele akitembea bila viatu. Magoti yakielekea mbele ilhali nyayo zimegeukia ndani, msokoto uko katika mfupa wa muundi. Huo huonekana mtoto anapoanza kutembea, na kwa kawaida hupungua kufikia umri wa miaka 4 au 5. Magoti nayo yakitazamana, msokoto uko katika mfupa wa paja. Huonekana zaidi kati ya miaka 3 na 6, kisha hupungua polepole hadi miaka 8 au 10. Mtoto wa aina hii hupenda kuketi sakafuni miguu ikiwa imekunjwa nyuma, mmoja kila upande, kwa sababu nyonga zake zinamruhusu. Kumgombeza hakubadilishi mfupa.

Kwa mtoto mchanga, unyayo wenyewe unaweza kupinda mfano wa haragwe. Ukinyooka kwa urahisi unaposukumwa taratibu, mara nyingi hupona katika mwaka wa kwanza.

Mguu mgumu, uliopinda kuelekea ndani na chini tangu kuzaliwa, ni jambo jingine kabisa. Huo haungojewi. Hutibiwa kuanzia wiki za kwanza kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha viatu vilivyounganishwa kwa fimbo, ambavyo mtoto huvaa usiku hadi afikishe takriban miaka 4. Familia zinazoacha viatu hivyo mapema, kwa kuona mguu umeshanyooka, hurudi na mguu uliopinda tena.

Dalili nyingine za kumfikisha mtoto hospitalini ni maumivu, kuchechemea, uvimbe, mguu mmoja kupinda kuliko mwingine, hali kuzidi badala ya kupungua, au kutotembea afikapo miezi 18. Matege yanayoongezeka yanaweza kuashiria upungufu wa vitamini D au madini ya kalisi.

Je, ukubwani? Watu wazima wengi wenye mwendo huu hufanya kazi na hukimbia bila shida. Wachache ambao msokoto wa paja ulibaki mkubwa hupata maumivu mbele ya goti. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyonga na mapaja huweza kuwasaidia. Upasuaji wa kugeuza mfupa hufikiriwa mara chache, na kwa kawaida baada ya miaka 8.

Mzazi aendapo kliniki abebe kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Video fupi ya simu inayoonyesha mtoto akitembea nyumbani pia humsaidia daktari, maana watoto wengi hugoma kutembea mbele ya mgeni.